Seli shina za vinyweleo na kupona kwa ngozi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kusafisha na kufunga vidonda, vingi vikiwa vya moto. Maswali haya nimeulizwa na wagonjwa, ndugu zao na wanafunzi wa uuguzi. Machache nimeulizwa saluni, baada ya msusi kujua ninafanya kazi gani. Mengine yana majibu marefu kwa kuwa jambo lenyewe ni refu.

Seli shina ni nini?

Ukijisugua kwa dodoki, ile nongo inayotoka ina seli za ngozi zilizokufa siku nyingi. Zinatoka kila siku na ngozi haiishi, kwa hiyo lazima kuwe na mahali zinapozaliwa nyingine. Seli shina ni hizo zinazozaa. Ikigawanyika, mtoto mmoja anaweza kubaki pale pale akawa seli shina kama mama yake, na mwingine akaondoka kwenda kuwa ngozi, unywele au mafuta. Vitabu vingine huziita chembe shina au seli msingi. Ni kitu kilekile.

Ngozi haina ghala moja la seli hizi. Tabaka la chini la epidemisi, yaani ngozi ya juu, lina seli shina zake za kazi ya kila siku. Tezi za mafuta zina zake, tezi za jasho zina zake. Na vinyweleo vina zake, ambazo ndizo tunazozungumzia hapa.

Kinyweleo si kile kitundu kinachoonekana kwenye ngozi?

Kitundu ni mlango tu. Hapa nikisema kinyweleo ninamaanisha kifuko chote kinachoshika unywele, kilichozama ndani ya ngozi kama soksi nyembamba. Mtu mzima ana vifuko kama milioni 5 mwili mzima, na kati ya hivyo 100,000 hivi viko kichwani. Malaika wa mkononi, yaani vile vinywele laini, hata wale usiowaona mpaka ugeukie jua, kila mmoja ana kifuko chake.

Shuka na kifuko hicho kutoka juu. Kwanza mdomo, kisha tezi ya mafuta, kisha mahali ambapo msuli mdogo sana umejishikiza kwenye ukuta. Huo ndio msuli unaokusimamisha nywele ukisikia baridi au ukisisimka. Pale uliposhika, ukuta umevimba kidogo, nami nitapaita kinundu. Daktari wa ngozi wa Ujerumani, Paul Unna, alikiandika tangu karne ya 19, lakini kwa miaka mingi hakuna aliyekijali sana. Watu walidhani seli shina ziko chini kabisa, kwenye kile kichwa cha kitunguu ambako unywele hutengenezwa, maana huko ndiko kwenye pilikapilika.

Mwaka 1990 George Cotsarelis, Tung-Tien Sun na Robert Lavker walichapisha jambo lililowashangaza wengi. Waliwapa panya alama inayoingia kwenye seli na kupungua kila seli inapogawanyika, kisha wakasubiri. Kule chini kwenye pilikapilika alama ilifutika. Seli zilizobaki nayo, kwa maana kwamba hugawanyika kwa nadra sana, zilikuwa kwenye kinundu. Kumbe mwenye ghala ndiye yule mkimya.

Unywele ukianguka ukiwa na mzizi mweupe, hautaota tena?

Utaota. Hili nimelisikia saluni mara nyingi, mtu ameshika unywele wake kwenye mwanga kama ameshika matokeo ya maabara. Kale kadoa keupe ni kitako cha unywele uliokwisha muda wake. Unywele wa kichwani hukua kwa miaka 2 hadi 6, hujifunga kwa wiki mbili tatu, kisha hupumzika miezi kama 3 na kuanguka. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Kinundu hakitoki na unywele. Kimebaki ndani, na seli zake zikipata ishara kutoka kwenye kifundo cha demisi (demisi ni ngozi ya ndani, iliyo chini ya epidemisi) kilicho chini yake, zinaanza kujenga unywele mwingine kwenye kifuko kilekile.

Haya, seli za unywele zinahusikaje na kidonda?

Siku za kawaida hazihusiki. Hili ndilo watu wengi hulikosea, hata walioandika vitabu zamani. Mwaka 2005 kundi la Cotsarelis, utafiti ukiongozwa na Mayumi Ito, lilionyesha kwa panya kwamba seli za kinundu hazichangii ngozi ya juu inayobadilika kila siku. Walipoziua seli hizo, panya walipoteza nywele, lakini ngozi ya juu ilibaki nzima.

Lakini ikitokea jeraha, mambo hubadilika. Ndani ya siku chache seli kutoka kwenye kinundu zinapanda kuelekea juu, zinatoka kwenye mdomo wa kinyweleo na kusambaa juu ya kidonda. Zimelelewa ziwe unywele, na sasa zinavaa sare ya ngozi. Kisha, na hapa ndipo ninapopapenda, nyingi haziendelei kukaa. Wiki zikipita zinapungua na nafasi yao inachukuliwa na wenyeji. Zile zinazotoka sehemu ya juu ya kinyweleo, karibu na mdomo, ndizo zinazobaki kwa muda mrefu zaidi.

Ni kama majirani kwenye nyumba iliyoshika moto. Wanakuja na ndoo, wanazima, wengine wanasaidia kuezeka, kisha kila mtu anarudi kwake.

Kwa nini kuungua kwingine hupona kwenyewe na kwingine huhitaji kupandikizwa ngozi?

Ningeulizwa nichague swali moja tu la kujibu, ningechagua hili.

Kidonda kina njia mbili za kupata ngozi ya juu. Ya kwanza ni kutoka pembeni: seli za ngozi nzima iliyokizunguka hutambaa kuingia ndani. Njia hii ni ya polepole, na kidonda kikiwa kikubwa kama sahani, katikati patasubiri sana. Ya pili ni kutoka chini, kupitia vinyweleo na tezi za jasho zilizobaki hai. Kila kinyweleo kilichopona ni mbegu moja. Ikiwa moto umechukua epidemisi na sehemu ya juu tu ya demisi, mbegu ziko palepale zimejaa, na kidonda kitafunga ndani ya wiki mbili hivi, mara nyingi bila kovu la maana. Moto ukishuka ukachoma demisi yote, vifuko vimeungua pamoja na vinundu vyake. Hapo hakuna cha kuota. Umebaki na pembeni peke yake.

Kinundu cha unywele wa kichwani kiko milimita moja na ushee chini ya uso wa ngozi. Ndiyo maana tofauti kati ya chai iliyomwagika ikakauka upesi na uji mzito ulioganda mwilini ni kubwa hivyo. Uji unashika, na joto linaendelea kushuka.

Nakumbuka mtoto wa miaka mitatu aliyemwagikiwa na chai kifuani. Siku ya tisa nilimwagia bandeji maji ya chumvi mpaka ikalainika, nikaivua taratibu. Chini kulikuwa na uwanda wa waridi, na juu yake vidoadoa vimetapakaa, kila kimoja kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Mama yake aliinuka. "Sista, anatokwa na upele juu ya kidonda?" Nikamwinamisha atazame karibu: kila kidoa kilikuwa na kishimo katikati, na kwenye viwili vitatu kulikuwa na laika limechomoza. Nikamwambia, mama, hii ni ngozi ya mwanao inatoka kwenye vinyweleo. Tulipofungua siku ya kumi na mbili vidoa vilikuwa vimekutana na kufanya visiwa, na visiwa vilikuwa vinakaribia kushikana.

Kuna dalili nyingine ambayo wakubwa wa kazi hii huitumia. Kwenye sehemu iliyoungua, wakivuta unywele kwa kibanio ukatoka bila ubishi na mgonjwa hasikii kitu, moto umefika chini. Ukigoma na mgonjwa akaruka, hiyo ni habari njema, japo mgonjwa hataipokea hivyo. Ngozi iliyoungua hadi chini mara nyingi haiumi, inakuwa nyeupe au kahawia, ngumu kama ngozi ya kiatu. Watu huona haiumi wakadhani ni nafuu. Hiyo ndiyo ya kukimbizwa hospitali.

Kidonda cha moto ambacho hakijafunga ndani ya wiki tatu kina hatari kubwa ya kuacha kovu nene linalovuta, hasa kwenye viungo. Ndiyo maana daktari hasubiri miezi aone kama kitafunga.

Nikiungua sasa hivi, nifanye nini kuokoa vinyweleo?

Maji ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20. Kama bomba halitoki, mwagia kwa kopo. Hata zikipita saa moja au mbili, bado yanasaidia, mpaka kama saa tatu baada ya kuungua. Vua pete na nguo, ila zilizogandia ngozini ziache. Barafu hapana. Dawa ya meno, ute wa yai, unga, majivu, mafuta ya taa: hapana, hapana. Nimetumia masaa mengi ya maisha yangu kubandua dawa ya meno iliyokauka, na kila mbanduo unaondoka na seli zilizokuwa zinajaribu kupanda.

Malengelenge usiyatumbue mwenyewe. Funika na kitambaa safi, nenda kituo cha afya.

Wanaopandikizwa ngozi, kule ilikokatwa kunaponaje?

Kwa vinyweleo vilevile. Mpasuaji hakati ngozi nzima. Anaparuza tabaka jembamba, mara nyingi milimita 0.2 hadi 0.3, kutoka pajani kwa mfano. Vifuko vinakatwa vichwa tu, vinundu vinabaki chini. Baada ya siku 10 hadi 14 paja limefunga. Mgonjwa huwa analalamikia paja kuliko kidonda chenyewe, na ana haki, kwa sababu linauma kweli.

Kichwani hupona haraka zaidi, kama wiki moja, kwa vile vinyweleo vimesongamana na vimezama kirefu. Kwa mtoto aliyeungua sehemu kubwa, kichwa kinaweza kuvunwa, kikaachwa kipone, kikavunwa tena. Wazazi huogopa kwamba mtoto atabaki na kipara, au kwamba nywele zitaota kule ngozi ilikopelekwa. Ikikatwa nyembamba inavyotakiwa, hakuna kati ya hayo litakalotokea: mizizi haikusafiri.

Viganja na nyayo havina nywele. Mbona vinapona?

Vina tezi za jasho, tena nyingi kupindukia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba kwa binadamu tezi za jasho ni mchangiaji mkubwa wa kufunga vidonda. Panya hana tezi hizo mwilini isipokuwa kwenye nyayo, ndiyo maana tafiti zilizotegemea panya zilichelewa kuliona. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba bila unywele kidonda hakifungi, amezidisha. Kinachoonekana ni kwamba penye vinyweleo vichache au pasipo navyo kabisa kufunga kunachelewa.

Kwa nini kovu halioti nywele?

Vifuko vyetu hujengwa tukiwa tumboni mwa mama. Ukizaliwa, idadi uliyonayo ndiyo hiyo. Kovu ni kiraka cha kolajeni, yaani protini ya nyuzinyuzi, kilichowekwa kwa haraka, na ndani yake hakuna mtu wa kutoa ishara ya kujenga kifuko kipya.

Mwaka 2007 Ito na wenzake walionyesha kwamba panya mzima akipata jeraha kubwa vya kutosha, vinyweleo vipya kabisa vinaweza kuzaliwa katikati ya kidonda, vikiongozwa na ishara iitwayo Wnt. Nywele zilizoota zilikuwa nyeupe, maana seli za rangi hazikufika. Kwa binadamu hakuna tiba iliyotokana na hilo mpaka sasa. Kupanda nywele kwenye kovu kunawezekana, lakini hapo unahamisha vifuko kutoka nyuma ya kichwa, huzalishi vipya.

Kidonda kikipona kinakuwa cheupe, kisha vinatokea vidoa vyeusi. Ni ugonjwa?

Ni rangi inarudi. Ndani ya kinundu, pembeni ya seli shina za unywele, kuna wapangaji wengine: seli shina za rangi, ambazo Emi Nishimura na wenzake walizieleza kwenye jarida la Nature mwaka 2002. Nazo hupanda kwenye kidonda kupitia mlango uleule, ndiyo maana kwenye ngozi yetu nyeusi rangi hurudi kwa nukta, kila nukta ikizunguka kinyweleo.

Mbalanga, yaani vitiligo, huonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Mgonjwa akitibiwa kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 311, rangi mara nyingi huanza kama vidoa kwenye vinyweleo. Daktari huangalia nywele zilizo ndani ya baka: zikiwa bado nyeusi, kuna akiba. Zikiwa zimegeuka nyeupe, akiba imekwisha na matumaini ni madogo. Midomo na ncha za vidole, ambako hakuna vinyweleo, husumbua sana.

Ualbino ni jambo jingine. Huko seli za rangi zipo, ila haziwezi kutengeneza melanini, yaani rangi yenyewe, ya kutosha. Hakuna cha kuamsha.

Ni kweli mawazo huleta mvi?

Kwa panya, ndiyo. Mwaka 2020 kundi la Ya-Chieh Hsu wa Harvard lilionyesha njia yenyewe: msongo mkali unasisimua neva zinazoingia kwenye kinyweleo, neva zinamwaga noradrenalini, kemikali ya msongo, na seli shina za rangi zinaamka zote kwa pamoja, zinaondoka, ghala linabaki tupu. Kwa binadamu, umri na kurithi ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa. Kama babu yako alipata mvi akiwa na miaka 30, usimlaumu bosi wako.

Kusuka kwa kubana kunaua seli hizi?

Kunaweza, kukiendelea muda mrefu. Mwanzo mvutano unachosha kifuko tu: vipele vidogo kwenye mpaka wa nywele, ngozi inauma, nywele za mbele zinakatika na kupungua. Ukiacha wakati huo zinarudi. Ukiendelea kwa miaka, uvimbe unaharibu kinundu na mahali pake panajaa kovu. Ngozi inakuwa laini inayong'aa, huoni vitundu. Hapo hakuna mafuta ya nazi wala ya kitunguu yatakayootesha.

Sheria yangu ni rahisi, na wasusi wananichukia kwayo: kama unahitaji kumeza panadol baada ya kusukwa, fumua. Hasa kwa watoto.

Uangalie pia upara unaoanzia utosini na kupanuka, unaowapata zaidi wanawake weusi, na vipele sugu vya kisogoni kwa wanaume baada ya kunyolewa. Vyote viwili huacha kovu juu ya kinundu. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema, maana tiba huzuia kuendelea. Kilichokwisha kufa hakifufuki. Kwa nchi zetu za Afrika mashariki na kati, wataalamu wengi wa ngozi wamepita kwenye kituo cha mafunzo kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania.

Na upara wa kawaida wa wanaume?

Huo ni tofauti, na wengi hushangaa. Mwaka 2011 utafiti wa Luis Garza na Cotsarelis ulikuta kwamba kwenye ngozi yenye upara seli shina bado zipo kwa idadi ileile. Zilizopungua ni zile za hatua inayofuata, zinazopaswa kwenda kujenga. Vifuko vimesinyaa, havikufa. Na ndiyo maana kipara kikichubuka hupona vizuri tu.

Kuna vidonge na krimu za seli shina zinauzwa kwenye vikundi vya WhatsApp. Nitumie?

Usitumie. Seli hai haivumilii kukaa ndani ya kopo kabatini kwa miezi, na ikimezwa inasagwa kama maharage. Zile za "seli shina za tufaha" ni dondoo la mmea. Seli ya tufaha haijui kujenga ngozi ya mtu. Nimemwona mgonjwa wa kidonda cha kisukari aliyemaliza akiba yake kwa makopo hayo huku mguu unaoza.

Basi hakuna tiba ya kweli inayotumia seli shina za ngozi?

Ipo, na ni ya siku nyingi. Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green walipata njia ya kuotesha seli za ngozi ya binadamu maabara, na muongo uliofuata karatasi za ngozi zilizooteshwa hivyo zilikuwa zinawafunika watu walioungua karibu mwili mzima. Mwaka 2017 Michele De Luca na wenzake walitangaza kwamba mtoto wa miaka saba aliyetibiwa Ujerumani, mwenye ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi ichubuke kama karatasi lowevu, alirudishiwa asilimia 80 hivi ya ngozi yake kutokana na seli zake mwenyewe zilizorekebishwa jeni.

Ngozi hiyo ilishika, lakini karatasi zinazooteshwa hivi hazijengi vinyweleo wala tezi za jasho. Kuna pia waliojaribu kupandikiza vinyweleo vya kichwani ndani ya vidonda sugu vya miguu, na kuotesha ngozi kutoka kwenye nywele zilizong'olewa tu, bila kisu. Yote hayo ni ghali na yanahitaji maabara ya kiwango cha juu.

Ninyoe nywele zinazozunguka kidonda?

Kunyoa hakugusi seli shina, kwa kuwa wembe hukata kilichochomoza tu. Tatizo ni wembe wenyewe, unaoacha mikwaruzo na kuingiza vijidudu. Punguza kwa mkasi. Nyusi usiziguse kabisa: mshonaji anazihitaji zimwonyeshe pande mbili zinapokutania.